Milimita Nne

Nilianza kwa kujipima.
Si kama apimavyo fundi wa nguo, kifua na kiuno,
utepe ukimning'inia shingoni.
Nilisimama ukutani peku,
daftari gumu la maabara nimelibana mapajani,
na mdogo wangu Kavata akachora mstari wa penseli,
akasoma, akarudia kusoma, akaangua kicheko:
"Sabini tu? Dada, miguu iliyobaki uliiacha wapi?"

Ndiyo maana, Kavata.
Miaka kumi na moja nimepanda baiskeli za watu warefu,
zilizoletwa kwa meli zikiwa zimeshachoka na barabara za kwao,
nikishuka kwa kuruka, kama mwizi ukutani.

Paa la ploti, Umoja, juu ya ghorofa ya tano.
Shuka za majirani, matangi meusi ya maji,
na mlango mbovu ambao mwenye ploti aliukataa.
Juu yake nikachora baiskeli kwa chaki, ukubwa wake halisi.
Mvua ikaifuta.
Nikaichora tena kwa msumari.

Mabomba nilinunua Kariobangi, kwa Fundi Mukabwa,
mtu wa mageti na madirisha, mchache wa maneno.
Aliligonga kila moja kwa ukucha, akasikiliza,
kama mnunuzi anavyogonga tikiti maji.
"Hili. Hili. Hilo lina ufa, liache."
Hakuniuliza kama baiskeli hazipatikani madukani.
Wengine wote waliuliza.

Ncha ya bomba huchongwa kama mdomo wa samaki
ili iling'ate bomba la pili bila kuacha upenyo.
Unapiga tupa, unajaribisha, mwanga unapita.
Unapiga tupa. Mwanga bado unapita, mwembamba kama unywele.
Nikitoka zamu ya usiku, macho yamejaa damu za watu,
chembe nilizohesabu nikazigeuza namba,
nilipanda ngazi nikapiga tupa
mpaka vumbi la chuma likafika kwenye ugali,
na Kavata akala, akanyamaza,
akasema tu kwamba leo una ladha ya sarafu.

Kisha moto.
Keateka alisimama na ndoo ya mchanga, midomo ikimcheza kwa sala.
Unga wa boraksi uligeuka kioo,
chuma kikaiva rangi ya papai,
nikagusisha ujiti wa shaba, na shaba
haiendi unakoisukuma. Hukimbilia penye joto.
Siku tatu nzima nilikuwa naisukuma.

Fremu ilipopoa nilifunga uzi nyuma,
nikauzungusha shingoni, nikaurudisha.
Kushoto na kulia vilipishana milimita saba.
Nikaibeba begani hadi Kariobangi.
Mukabwa aliilaza juu ya vipande viwili vya mbao,
akaikanyaga mara moja, polepole,
kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala.
Nne.
Akainua mguu tena.
Nikamwambia, basi.
"Itakuvuta kushoto."
"Najua."
Akachukua kitambaa, akafuta alama ya kiatu chake.

Jumapili, saa kumi na mbili na robo,
bila rangi, alama za vidole vyangu zimeshaota kutu,
nilishuka Barabara ya Outer Ring.
Miguu yangu yote miwili ilifika chini.
Nilisimama kwenye kila taa,
hata zile za kijani.

Inavuta kushoto, kweli.
Na ndani ya bomba la chini, lililozibwa pande zote,
kumbe kuna punje ya shaba, ilidondoka sijui lini.
Kwenye matuta ya Donholm huruka na kugonga: ti.
Kuitoa ni kukata.

Muuza mayai alinyanyua uso kutoka kwenye sufuria,
akauliza ni nini hicho kinacholia.
"Shaba," nikamwambia,
naye akaangalia masikio yangu, akitafuta hereni.